Diski inagoma kusoma: chkdsk, robocopy au ddrescue, nianze na ipi?

Mchuchuma
Wakuu, heshima kwenu. Kompyuta yangu ya mezani ina diski mbili. Ya Windows ni SSD, haina shida. Ya pili ni hadidiski ya TB 1, ina miaka sita. Jumapili umeme ulikatika mara tatu ikiwa imewashwa. Tangu hapo nikifungua folda ya picha inakwama, kisha inaleta kosa la "cyclic redundancy check". Faili nyingine zinafunguka kama kawaida. Humo mna picha tangu 2011 na video za marehemu mama, na nakala nyingine sina. Mafundi wawili wamepishana: mmoja anasema piga chkdsk /r, mwingine anasema nakili kwanza. Lipi litangulie, na kwa nini? Naomba kuwasilisha.

Ngalawa77
Mkuu, mimi nilipiga chkdsk /r mwaka jana kwa tatizo kama hilo. Ilikesha usiku kucha, asubuhi diski ikafunguka, na mpaka leo inapiga kazi. Haina gharama, imo ndani ya Windows.

Bi_Zuhura
Ngalawa77, nafurahi yako ilipona, ila huyu ndugu ningemzuia. Kazi ya chkdsk ni kuuweka sawa mfumo wa faili, siyo kuokoa faili zako. Ikikuta kumbukumbu za folda zimevurugika inaweza kuzikata, na masalia yakaishia kwenye found.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Hebu fikiria maelfu ya picha bila majina yake. Na marekebisho yote hayo inayaandika kwenye diski ile ile inayoumwa, huku ikiisoma yote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mchuchuma, kabla ya lolote soma taarifa za SMART, yaani rekodi ambazo diski yenyewe huweka kuhusu afya yake. Programu ya kuzisomea, CrystalDiskInfo, ni ya bure. Nenda kwenye mistari 05, C5, C6 na C7. Ya 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba. C5 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuzitolea uamuzi. C6 ni zilizoshindikana kwenye ukaguzi. C7 ni makosa ya mawasiliano njiani. Hiyo ikipanda peke yake, wa kushukiwa kwanza ni waya wa SATA, na pengine utamaliza kazi kwa waya mpya tu. Namba yake hairudi sifuri hata ukibadili waya. Unachoangalia ni kama inaendelea kupanda.

Mchuchuma
05 ni 0. C5 ni 18, C6 ni 18, C7 ni 0.

Kifaru_Mpole
Angalizo: CrystalDiskInfo isipobadilishwa huonyesha namba hizo kwa hesabu ya kumi na sita (hex). Hiyo 18 ni 16 + 8, yaani sekta 24. Waya hauna kosa, shida iko kwenye diski yenyewe. Je, inagonga tik-tik ikiwaka? Kama inagonga, izime sasa hivi na usiiwashe tena, maana vichwa vya kusomea vinaweza kuukwaruza uso wa diski. Hapo ni kazi ya maabara ya kuokoa data. Usikubali fundi aifungue mezani, na yale ya kuiweka kwenye friza usiyajaribu.

Mchuchuma
Haigongi, inanguruma kama zamani.

Kifaru_Mpole
Basi una njia mbili za kunakili. robocopy ni rahisi, ipo kwenye Windows, na unachagua folda muhimu zitangulie. Lakini ukiiacha ilivyo, faili ikigoma itarudia mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30. Andika hivi, irudie mara moja tu na isubiri sekunde moja:

robocopy D:\Picha E:\Picha /E /R:1 /W:1

Kwa sekta 24 tu ningeanza na hiyo. Diski inasoma kidogo na unapata unachokitaka leo leo.

Bi_Zuhura
Hapo tunatofautiana. robocopy ikikwama kwenye sekta moja inaiacha faili nzima, hata kama ni video ya saa moja. Na Windows yenyewe huing'ang'ania sekta mbovu kabla ya kukata tamaa. ddrescue ya Linux inanakili diski yote kuwa faili moja: inachukua kwanza sehemu nzima nzima, inaruka penye ubovu, halafu inarudi kwenye mabaki. Kila hatua inaiandika kwenye faili ya ramani, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Kwa nyumba ya umeme wa mashaka, hilo peke yake linanitosha.

Utahitaji flashi yenye Linux na diski ya TB 2. Usiifomati FAT32, haipokei faili ya GB 4 na kuendelea. Simama ndani ya diski mpya, kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img nakala.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map

Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL kwamba sdb kweli ndiyo diski mbovu. Soma namba ya utambulisho (serial) iliyobandikwa kwenye diski, ulinganishe. Nakuomba sana, usiruke hatua hii.

Mchuchuma
Mrejesho. Nimefuata ya Bi_Zuhura. Hatua ya kwanza ilimaliza ndani ya saa nne, ya pili ikachukua usiku mzima. Zimebaki KB 28 zisizosomeka. C5 sasa inasomeka 38.

Kifaru_Mpole
38 hapo ni sekta 56, na 56 mara baiti 512 ni hizo hizo KB 28. Kumbe kulikuwa na nyingine ambazo hazijaguswa. Nakubali, hapa ddrescue ilifaa kuliko robocopy.

Bi_Zuhura
Bado kitu kimoja. Kwenye nakala, penye KB hizo pana sifuri, kwa hiyo faili iliyoharibika itanakilika bila kulalamika. Jaza sehemu hizo neno la alama kwa --fill-mode=-, kisha zitafute faili zenye neno hilo kwa grep, amri ya Linux ya kutafuta maneno.

Mchuchuma
Nimepata tatu: picha mbili za harusi ya jirani na video moja ya mama. Video inacheza, inaruka kidogo karibu na mwisho, sauti yake ipo. Nimeisikiliza mara mbili. Mungu awabariki.

Ngalawa77
Na mimi nimeagiza diski ya pili. Hiyo yako ya zamani utaifanyia nini?

Mchuchuma
Nitaifomati kikamilifu, siyo ile ya haraka, ili kila sekta iandikwe upya. C5 ikishuka na 05 ikabaki sifuri, nitaiwekea muziki. 05 ikipanda, naitoa.