Tupeane uzoefu: sisi wenye mvi na kiti cha kinyozi, hapa Tanga

Mstaafu wa Gatini

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Kinyozi wangu ameacha kazi. Macho yamemwishia, mwanawe kaja kumchukua, sasa wanaishi Muheza. Alianza kuninyoa mwaka 1989 chini ya mkungu pale Ngamiani, hatua chache kutoka soko la Mgandini. Kioo kimetundikwa kwa msumari kwenye shina, kiti cha mbao, mashine ya mkono ile ya kubana na kuachia, na jiwe la shabu ndani ya kopo kwa ajili ya mtu akikwaruzwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia aninyoeje. Nina kovu juu ya sikio la kushoto, nililipata bandarini enzi za matishari, waya wa robota la katani ulipokatika ukanichapa. Wembe ukikaribia pale alikuwa anauinua kidogo, anapita, kisha anaushusha upande wa pili. Hata tukiwa tunabishana habari za mpira wa Coastal Union, mkono wake haukusahau.

Wiki iliyopita nikaingia saluni moja mjini. Kijana kaniamkia vizuri, kanikalisha. Akauliza, "Mzee wangu, tufanyeje?" Nikamjibu, "Punguza tu." Kuja kujitazama kwenye kioo, kichwa cheupe pe, na kovu linavuja damu. Kupunguza kwangu mie ni nywele zibaki fupi, kwake yeye ni kuziondoa. Nilipofika nyumbani na kuvua kofia, mke wangu alishika mdomo akaniuliza nani amefariki, maana kwetu mtu mzima akinyoa zote ghafla huwa ni msiba.

Nywele zitaota. Kinachoniuma ni kuanza, kwa umri huu wa miaka 68, kumweleza mtu mgeni kichwa changu. Wenzangu mnafanyaje? Nani anawanyoa, na mnamwambia nini? Tupeane uzoefu.

Mtu wa Maramba

Pole sana kaka. Mie kipara changu cha kwanza kilikuwa cha amri. Mwaka 1978 nimemaliza kidato cha sita, nikaripoti JKT Maramba na afro langu, chanuo mfuko wa nyuma. Tukapangwa foleni, afande mmoja na mashine moja, kichwa kimoja hakimalizi dakika mbili. Zikachanganyika pale chini hujui za nani. Nilizifuga miaka miwili zile, roho iliniuma kwelikweli. Chanuo nililitunza ndani ya begi mpaka namaliza mafunzo.

Leo zimebaki za pembeni tu, utosi uko wazi. Nimenunua mashine ya kuchaji, najinyoa mwenyewe Alhamisi usiku. Ila ndugu zangu wapanda baiskeli wenye vipara, msitoke saa saba mchana bila kofia. Mie niliungua utosi nikienda Pongwe, ngozi ikababuka siku nne.

Wa Makorora

Kunyoa hadi kwenye ngozi si kwa kila mtu. Mimi kisogo kilinitoka vipele miaka sita. Nikawa nikiona vimezidi naongeza kunyoa, nikidhani ni uchafu wa nywele. Daktari wa ngozi ndiye aliyenifungua macho. Nywele zetu hizi za kipilipili zikikatwa chini kabisa, ile ncha inajikunja na kurudi ndani ya ngozi, mwili unaiona kama mwiba, panavimba. Ukiendelea kupitisha wembe pale, vipele vinageuka makovu magumu ambayo hayaondoki. Akanikataza wembe kisogoni. Sasa naacha nywele fupi, sikwangui, na vipya havitoki. Vya zamani viwili vitatu bado vipo, vimekuwa vigumu kama kokoto.

Jambo la pili alilonieleza ni vifaa. Wengi wetu tunaogopa UKIMWI tu, lakini virusi vya homa ya ini B hukaa hai nje ya mwili siku 7 na zaidi, hata penye tone la damu lililokauka usiloliona. Tangu siku hiyo nabeba wembe wangu na mashine yangu kwenye mfuko wa kitambaa. Kinyozi wangu hakukasirika hata kidogo.

Mwalimu Mstaafu

Mimi langu ni la aibu kidogo, ila nalisema kwa kuwa naamini si langu peke yangu. Siku hizi ukimaliza kunyolewa anakuja binti na maji ya moto na taulo, anakuosha kichwa, anakusugua uso kwa skrabu, anakukanda shingo. Mara ya kwanza sikujua kama hayo yamo kwenye bei. Yule binti ni umri wa mjukuu wangu, na huenda mama yake nilimfundisha. Niliganda kama mti. Sikumkemea, kosa si lake, anatafuta riziki. Tangu hapo nikikaa tu nasema mapema, "Mwanangu, mimi ni kunyoa na kuondoka." Wananielewa.

Mjomba Raskazone

Mwalimu, shikamoo. Naomba nitofautiane nawe kwa adabu. Mke wangu alifariki, watoto wako Dar na Arusha. Inaweza kupita mwezi hakuna mkono wa mtu ulionigusa zaidi ya kupeana salamu msikitini. Ile taulo ya moto usoni, na mtu akikuuliza, "Babu, maji hayakuunguzi?", mimi huwa natoka pale nimepumzika. Anayenihudumia ni kijana wa kiume, hilo nililiomba mwenyewe, na nimeridhika.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mjomba. Umenifanya nifikiri. Pole kwa bi mkubwa.

Baba Harusi

Nitakuwa mfupi, maana kukumbuka tu kunaniwasha. Siku mbili kabla ya kumwoza binti yangu nilitaka kuficha mvi, nikapaka piko nyeusi kichwa na ndevu. Usiku kichwa kikaanza kuwaka moto. Alfajiri macho yamevimba yamefunga, masikio yanatoka maji. Nilipelekwa hospitali, nikachomwa sindano, na ndoa nimeisimamia macho nusu. Picha zote niko hivyo.

Niliambiwa zile rangi nyeusi nyingi zina kemikali inayoitwa PPD, na mtu anaweza kuitumia miaka bila shida, siku moja mwili ukaikataa. Ukikataa mara moja ndiyo basi, usiiguse tena. Anayetaka lazima apake kidogo nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili kabla ya kupaka kichwa. Na hina mjihadhari nayo: ya asili inatoa wekundu. Ukiuziwa "hina nyeusi", humo ndani mara nyingi mna kemikali hiyohiyo. Mimi sasa mvi zangu ziko wazi na binti yangu anasema zinanipendeza.

Hajj wa Mabawa

Mimi mwaka ninaochinja huwa sigusi nywele wala kucha tangu Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, unapoandama hadi nimeshachinja. Kinyozi wangu wa zamani alikuwa anaukumbuka mwezi kuliko mimi. Nikipita anapunga mkono tu, hanikaribishi.

Kipara kilichonikaa moyoni ni cha Mina, siku ya kumi, baada ya kurusha mawe. Watu foleni, mvua ya nywele. Aliyetangulia mbele yangu alikuwa mzee wa nchi nyingine kabisa, hatukuwa na lugha moja. Alipotolewa kitambaa akajipapasa kichwa kwa mikono miwili, akanigeukia, akanishika na mimi changu kabla hakijanyolewa. Sijui aliniambia nini. Niliitikia amina.

Kinyozi Chumbageni

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma yote na nimeona vibaya, hasa la mzee wa kovu. Mimi ni kinyozi, mwaka wa tisa huu. Naomba niseme tunavyoona sisi tulio nyuma ya kiti.

Mzee, neno "punguza" ni mtego, kila kinyozi analo lake. Ule mdomo wa mashine huvishwa vichana vya plastiki vyenye namba. Namba 1 inaacha nywele kama milimita 3, namba 2 kama milimita 6. Mashine ikiwa tupu, bila kichana, ndiyo inaacha kipara. Ukisema "namba 2 juu, namba 1 pembeni" hakuna kijana atakayekukosea. Ukiona anakuja na mashine tupu, inua mkono, msimamishe. Ni haki yako.

Kichwa cha mzee ni kazi nyingine kabisa, na hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuwakwaruza watu, Mungu anisamehe. Ngozi inakuwa nyembamba na inateleza juu ya mfupa. Lazima mkono mmoja uivute ikaze, ndipo mwingine upitishe mashine. Ukiikimbiza kama unavyomkimbiza kijana, mashine inauma ngozi. Mashine nayo hupata moto, kila baada ya muda naigusa mkononi mwangu mwenyewe kwanza. Shingo ya mzee haiinami hovyo, kwa hiyo mimi ndiye ninayeinama. Nyusi na nywele za masikioni huzidi kuwa ndefu umri ukienda, na wengi mnaona haya kutuambia. Naomba mtuambie, ni kazi ya nusu dakika kwa mkasi wa ncha butu.

Na kabla sijashika wembe nauliza maswali mawili: una sukari? unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Kuna babu mmoja nilimchubua kidogo tu, damu haikukata robo saa, tukabanana naye na pamba mpaka nikatokwa jasho. Kumbe alikuwa anameza dawa ya moyo. Mwenye hizo simtii wembe, namalizia kwa mashine.

Mtoto wa Reli

Nami niseme. Nina miaka 59, na ninayemnyoa ni baba yangu, ana 87. Alistaafu reli.

Kiharusi kilimpata 2021. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno yanatoka kwa tabu. Mwanzoni tulimpakia kwenye bajaji tukampeleka saluni. Kile kiti cha kuzunguka kikamtisha, akang'ang'ania mkono wa kiti asiuachie, tukamrudisha hajanyolewa. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, mvi zikamfunika masikio. Akawa hataki kukaa barazani. Wageni wakija anageukia ukutani. Mie nikadhani ni ugonjwa umezidi, mpaka mama aliponiambia, "Baba yako anaona haya na hicho kichwa."

Sisi tulizaliwa sita, na usiku wa kuamkia Idi baba alikuwa anatunyoa wote kwa mkono wake, barazani, kwa taa ya chemli. Mkubwa anatangulia. Mimi wa nne, nikifikiwa wembe umeshakuwa butu, na ole wako ulie. Alikuwa ananibana kichwa kwenye goti lake, kinanuka sabuni ya kufulia. Basi Ijumaa ile nilipomtoa uani nikamfunga khanga ya mama shingoni, nilisimama nyuma yake mikono inatetemeka. Sikuwahi kukishika kichwa cha baba maishani.

Niliegemeza kiti ukutani asihisi kuanguka. Upande wa kulia haoni vizuri, kwa hiyo kabla sijamgusa huko namwambia kwanza, "Baba, naja kulia." Nililowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikaanzia kisogoni kwa mkasi, mashine baadaye. Zilikuwa nyepesi kama sufi, upepo unazichukua hazijafika chini. Alifumba macho. Kila baada ya muda nikawa naacha apumzike, ikatuchukua saa nzima.

Nilipomaliza akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaupitisha kisogoni polepole, ukapanda, ukazunguka mpaka nyuma ya sikio la kulia. Kidole kikasimama hapo. Nilikuwa nimeacha kishungi kidogo, hakizidi punje ya kunde. Hakusema neno, hakukiondoa kidole, mpaka nilipokuja na mkasi nikakitoa. Ndipo akaniashiria nimpe kofia yake.

Alasiri ile alikaa barazani mpaka magharibi.

Mstaafu wa Gatini

Mtoto wa Reli, Mungu amlaze... hapana, Mungu amweke mzee wetu, machozi yamenifanya niandike vibaya. Nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Nirudi kuwapa habari. Nywele zilipoota nilikwenda Chumbageni kwa yule kijana wetu. Nilimwambia namba 2 juu, namba 1 pembeni, kama alivyonifundisha. Akaniuliza sukari, akaniuliza dawa. Kisha akaweka mashine mezani, akanipapasa kichwa chote kwa vidole kabla ya kuanza, akalifikia kovu, akauliza, "Ni hili, mzee?" Nikasema ndilo.

Jumapili nikapanda gari kwenda Muheza kumsalimia kinyozi wangu. Mwanawe katutengea chai chini ya mchungwa. Tumezungumza ya nani kafa, nani yu hai, nani anauza samaki wapi sasa. Sikumweleza kwamba nimenyolewa. Katikati ya maneno akanyoosha mkono, nikainama, akaanza kunipitisha vidole kisogoni, juu ya sikio la kulia, akazunguka. Alipofika kwenye kovu akanyamaza, akalizunguka kwa kidole gumba mara mbili.

"Kalikwepa," akasema. "Nani huyu?"

Nikamwambia ni kijana tu, yuko Chumbageni.

"Mpelekee ile mashine yangu ya mkono. Haikati tena, ila aiweke."