Wahusika wafe mara ngapi? Ulinganisho wa kanuni za kifo katika michezo ya kuigiza ya mezani

Taa ya Mafuta (mwanzisha mada)

Heshima kwenu, wanajukwaa. Kikundi chetu kinajiandaa kuanza mfululizo mpya wa mchezo wa kuigiza wa mezani, ule wa mapanga, uchawi na mazimwi, ambamo kila mchezaji humwigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, nami ndiye nitakayeusimamia, yaani kuwaigiza mazimwi na kutumia kanuni. Kabla hatujachagua kitabu cha kanuni, wachezaji wamegawanyika juu ya jambo moja: wahusika wao wafe kwa urahisi kiasi gani. Wapo wanaotaka mchezo ambao kila mlango unaofunguliwa unaweza kuwa wa mwisho, na wapo wasemao kwamba hawawezi kumtungia mhusika ukoo wake, nadhiri zake na maadui zake, kisha auawe na mshale wa kwanza. Tunalinganisha njia tatu: Dungeons & Dragons ya zamani, hasa kitabu cha msingi cha mwaka 1981; toleo la tano la mchezo huo huo, la mwaka 2014; na michezo ya karibuni inayompa mchezaji mwenyewe sauti juu ya kifo cha mhusika wake. Naomba mnieleze, kwa kanuni zenyewe na si kwa sifa zinazovuma, ni wapi wahusika hufa zaidi na kwa sababu gani.

Mlinzi wa Lango

Ndugu Taa ya Mafuta, nianze na kitabu cha 1981, kwa kuwa ndicho ninachokisimamia hadi leo. Kanuni yake ni fupi: alama za uhai, yaani kiasi cha madhara anachoweza kustahimili, zikifika sifuri, mhusika amekufa. Hakuna kuzimia wala kufungwa jeraha. Mchawi wa ngazi ya kwanza hupata alama zake kwa kurusha dadu ya pande nne, ilhali pigo la orki, mojawapo ya mazimwi ya kawaida, hupimwa kwa dadu ya pande sita. Ukipiga hesabu ya jinsi dadu hizo mbili zinavyoweza kukutana, bila nyongeza yoyote ya siha, utakuta kwamba pigo moja likimpata mchawi mzima wa afya humuua mara 3 katika kila 4. Mpiganaji, mwenye dadu ya pande nane, hufa kwa pigo hilo hilo karibu mara 44 katika 100. Juu ya hayo kuna sumu, ambayo haijali alama za uhai hata kidogo: unarusha jaribio moja la kujinusuru, na ukishindwa umekufa. Uchawi wa kufufua wafu unapatikana katika kitabu cha pili tu, tena kwa kuhani aliyefika ngazi ya 7, na wahusika wengi hawamfikii kuhani wa namna hiyo.

Hata hivyo, anayesoma kanuni ya sifuri peke yake hajakielewa kitabu hicho. Msimamizi, anapoleta mazimwi, hurusha dadu mbili kuona wamepokeaje wageni, na mara nyingi jibu huwa ni kusitasita au hata urafiki, si vita. Vita ikianza, mazimwi hupimwa ujasiri pale mmoja wao anapouawa na pale nusu yao wanapoangushwa, na wengi hukimbia. Lililo kubwa zaidi ni kwamba alama za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, hutoka kwenye hazina: sarafu moja ya dhahabu iliyorudishwa salama huleta alama moja. Mpiganaji anahitaji alama 2,000 kufika ngazi ya pili, na orki aliyeuawa huleta 10, nazo zinagawanywa kikosi kizima. Kwa hiyo kanuni zenyewe zinamwambia mchezaji apite kando, ahonge, adanganye, arudi kesho na kamba ndefu zaidi. Wahusika wanaokufa kwa wingi katika mchezo huu ni wale wa wachezaji waliokuja wakidhani kila chumba ni uwanja wa vita.

Dadu ya Shaba

Nakubaliana na Mlinzi, ila tusiiweke michezo yote ya zamani kwenye kapu moja. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979, cha toleo lililoitwa Advanced, kilikuwa tayari kinamruhusu mhusika kuzimia akifika sifuri na kupoteza alama moja kila raundi hadi kumi chini ya sifuri, muda unaotosha mwenzake kumfikia. Vilevile nawaomba wanaotaja Tomb of Horrors, ule mkasa wa kaburi lililojaa mitego, kama kipimo cha ukatili wa enzi hizo wakumbuke kwamba Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa Dungeons & Dragons, aliitumia kwa mashindano katika mkutano wa wachezaji wa Origins mwaka 1975, kabla haijachapwa mwaka 1978. Mtego uliowekwa ili kuwachuja washindani haukuwa mfano wa mchezo wa kila wiki.

Binti wa Mganga

Mimi nasimamia toleo la tano, na ningependa lipimwe kwa haki, kwa sababu watu husema kwa wepesi mno kwamba humo hakuna anayekufa. Mhusika akifika sifuri huzimia, na kila zamu yake hurusha dadu ya pande ishirini: 10 au zaidi ni hatua ya kupona, chini yake ni hatua ya kifo, na aina itakayotangulia kufika hatua tatu ndiyo inayoamua. Ikitua 1 huhesabiwa kuwa hatua mbili za kifo, na ikitua 20 mhusika huinuka na alama moja. Nimeihesabu njia hiyo yote kwa kalamu na karatasi: mhusika aliyeachwa peke yake, bila msaada na bila adui kumgusa tena, hufa kwa uwezekano wa asilimia 40.5. Hiyo si namba ya mchezo laini.

Kinachoishusha ni wenzake. Kuhani anaweza kutamka neno la kuponya kutoka umbali wa futi 60 na bado akabaki na tendo lake la zamu hiyo, na alama moja tu ya uhai inatosha kumrudisha aliyelala awe mpiganaji kamili, kana kwamba hakuna kilichompata. Kutokea hapo kunazaliwa ile hali ya mtu kuanguka na kuinuka mara kadhaa katika pambano moja. Toleo la mwaka 2019 la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, limeijibu kwa kumwekea kila anayeinuliwa alama ya kujeruhiwa, ili akianguka tena awe amekaribia kifo zaidi kuliko mwanzo. Mimi naona ni marekebisho mazuri, na meza inayocheza toleo la tano inaweza kuazima wazo hilo bila kuvunja chochote.

Naomba pia muangalie ngazi. Mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye alama 7 akipigwa na bagibea, zimwi ambalo rungu lake hupimwa kwa dadu mbili za pande nane na kuongezwa 2, anaweza kupata madhara 14 au zaidi, na madhara yanayosalia baada ya kufika sifuri yakilingana na alama zake zote au kuzidi, hufa palepale bila kurusha chochote. Uwezekano wa pigo kama hilo ni karibu asilimia 23 kila rungu linapompata. Mchawi huyo huyo akifika ngazi ya 5, bagibea yule hana tena uwezo huo, na kuhani wa kikosi sasa anaweza kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja kwa almasi ya sarafu 300. Kwa maoni yangu, basi, toleo la tano ni la hatari kweli katika ngazi mbili za mwanzo, kisha hatari hupungua ghafla, na inarudi pale tu msimamizi anapoamua kuwa adui mwenye akili hamwachi aliyelala. Goblini, zimwi dogo lenye hila, akimkaribia aliyezimia na kumpiga, kila pigo linalompata ni hatua mbili za kifo. Mapigo mawili yanatosha, na mchezaji hajapata hata zamu moja ya kurusha dadu. Hilo mkubaliane mapema, kwa kuwa hakuna kanuni inayomlazimisha au kumkataza goblini.

Msimulizi wa Usiku

Kuhusu njia ya tatu, nataka kuondoa dhana kwamba michezo hiyo inawalinda wahusika. Katika Dungeon World, ya mwaka 2012, anayekufa hurusha dadu mbili za pande sita bila nyongeza yoyote. Akipata 10 au zaidi ameponyoka. Akipata 7 hadi 9, Kifo mwenyewe humpa sharti, naye huamua kulikubali au kwenda zake. Akipata 6 au pungufu, safari imekwisha. Uwezekano wa matokeo hayo ya mwisho ni 15 kati ya 36, yaani karibu asilimia 42. Ulinganishe na ule wa asilimia 40.5 alioutaja dada Binti wa Mganga, uone jinsi mchezo unaosifiwa kwa usimulizi ulivyo jirani na ule unaosifiwa kwa mapigano.

Daggerheart, iliyotoka mwaka 2025, inakwenda mbali zaidi katika kumpa mchezaji uchaguzi. Mhusika akiishiwa alama, mchezaji huchagua mojawapo: afe kwa tendo moja la mwisho lililo na ushindi wa hakika, aepuke kifo na kuzimia, huku akihatarisha kupata kovu linalomwondolea kabisa nafasi moja ya matumaini, yaani akiba anayoitumia kujisaidia mchezoni, au arushe dadu ya matumaini na ya hofu, aone ipi itazidi. Kovu likimaliza nafasi zote, mhusika anastaafu. Nimeshuhudia mchezaji mkimya kuliko wote mezani akichagua lile la kwanza ili wenzake wavuke daraja, na meza nzima ikanyamaza huku akieleza alichokifanya mhusika wake. Hakuna aliyemlazimisha, na wenzake bado wanakitaja kifo kile. Kwangu uzito wa namna hiyo una thamani kuliko vifo vingi vya ghafla, ingawa nafahamu kwamba Mlinzi hatakubali.

Mlinzi wa Lango

Sikubali yote, mkuu, lakini naliheshimu. Ninachokitetea mimi ni kwamba mchezaji anayejua kwamba hataulizwa huangalia sakafu kabla ya kukanyaga. Uangalifu huo ndio mchezo wenyewe.

Dadu ya Shaba

Kuna kipimo ambacho hakuna aliyekitaja: muda wa kumtengeneza mhusika mpya. Kwa kitabu cha 1981 unarusha dadu tatu mara sita, unachagua kazi, unanunua taa na kamba, na umerudi mezani kabla kikosi hakijamaliza kumzika mtangulizi wako. Katika toleo la tano kuna asili, historia, ujuzi na orodha ya uchawi, na aliyekufa mapema anaweza kukaa kando kikao kizima. Kanuni inayoua mara kwa mara na inayodai saa nzima ya maandalizi inawaadhibu wachezaji bure.

Kwa kikundi kilichogawanyika kama chako, Taa ya Mafuta, itazameni Dungeon Crawl Classics ya mwaka 2012. Kila mchezaji huanza na wakulima na mafundi kadhaa wasio na ngazi, wenye alama za dadu ya pande nne, na wanaingia wote hatarini. Wengi hufa, na atakayebaki ndiye anayepanda kuwa wa ngazi ya kwanza. Wale wanaotaka historia watakuwa nayo, kwa kuwa wameiona ikitendeka mezani.

Taa ya Mafuta

Nawashukuru sana. Naelekea kuanza kwa ule mchujo wa wakulima kisha kuendelea na kanuni za 1981, nikirusha dadu zangu hadharani ili namba hizi ziwe na maana. Limebaki swali moja: mhusika mpya aingie katika ngazi gani, iwapo wenzake wamekwisha kupanda?

Mlinzi wa Lango

Kwa kanuni hizo aingie ngazi ya kwanza bila wasiwasi, kwa sababu alama zinazohitajika huongezeka maradufu. Mpiganaji hufika ngazi ya tatu kwa alama 4,000 na ya nne kwa 8,000. Wenzake wakiwa wameanza ngazi ya tatu, kufikia wakati wanaingia ya nne kila mmoja atakuwa ameongeza 4,000, na mgeni aliyepata fungu hilo hilo atakuwa naye amefika ya tatu. Mpe tu mtu wa kumshikia taa, na mwanzoni asitembee mbele.