Uliyesema "anakosa makusudi huyo" mpira ukiwa bado mkononi, sikusamehi

Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka, muvi imeisha nusu saa iliyopita na sijaongea na mtu. Simtaji jina. Anajijua na nyie mnamjua, yule yule ambaye hakuna kitu mtakaa kuangalia yeye akawa hajakiona.

Tulikuwa tunaangalia Grown Ups, ile ya 2010 ya kina Adam Sandler, Chris Rock, Kevin James, David Spade na Rob Schneider. Tumekaa watu sita tuliosoma wote, tangu tumalize shule hatujawahi kutimia sote sehemu moja, mmoja kaja na mtoto mwingine kaja na kitambi, tukachagua hiyo maana ndio sisi wenyewe. Vijana watano walichukua ubingwa wa kikapu 1978, kocha wao anafariki, miaka 30 baadaye wanakutana msibani kila mtu na familia yake halafu wanaenda kukaa pamoja nyumba ya kando ya ziwa wikiendi ya tarehe 4 Julai. Pale wanapoanza kutaniana mi nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana marafiki wa shule ndivyo walivyo, haonewi mtu huruma, hata msibani unachambwa.

Sasa mechi ya marudiano. Wale waliofungwa 1978 hawajasahau, jamaa miaka 30 yote bado anadai Lenny (ndo Adam Sandler) alikanyaga mstari kwenye lile goli la ushindi (namuelewa kabisa huyo jamaa, kuna mechi ya darasa nayo mpaka leo naidai). Imebaki kurusha mara moja tu. Lenny ana mpira. Chumba kizima kimya, mtoto mwenyewe kanyamaza, mi nimekumbatia mto. Ndo huyu mtu, bisi bado ziko mdomoni hata hajameza, anasema, "Anakosa makusudi huyo, anawaachia washinde."

MPIRA HAUJATOKA MKONONI!!!

Yani muvi nzima imejengwa kufika pale, Lenny ana hela ana jina, anaamua kukosa ili wale wapinzani waonje kushinda na familia yake ionje kushindwa, ni kitu cha kukigundua mwenyewe taratibu moyoni. Mi nimekigundulia kwenye bisi. Tumesubiri miaka yote hiyo kukaa pamoja halafu mtu mmoja anashindwa kufunga mdomo sekunde nne. Nne tu! Angemeza kwanza basi!

Jibu #2
Mkuu muvi ya 2010 unalilia kusimuliwa mwisho leo? Ulikuwa wapi muda wote?

Jibu #3
Mi nilikuwa sijaiona. Nimesoma kichwa cha uzi tu, nimeshajua anakosa makusudi. Asante sana mleta uzi.

Jibu #4
#3 😂😂😂 uzi ufungwe

Mleta uzi
#3 samahani mkuu nilikuwa na hasira. Ila wewe umesoma, mi nilikuwa NAANGALIA, mpira uko MKONONI.

Jibu #5
Wanaosimulia afadhali. Kuna huyu wangu mnaangalia muvi yeye yuko kwenye simu, mwanga wote kama taa ya uwanja, dakika ya 60 anauliza "huyu nani tena?" Ndo Adam Sandler huyo, yupo tangu mwanzo!!

Jibu #6
Mi kilichoniuma ni ya pili ya 2013, Rob Schneider hayumo. Mmetuambia marafiki watano halafu mnatuletea wanne na hakuna anayemuulizia mwenzao.

Jibu #7
#6 ndo maisha hayo mkuu. Grupu letu la shule lina watu 80, ukiandika "tukutane lini" wanaosoma 80, anayejibu mmoja, na anajibu "amina".

Jibu #8
Afadhali amina. Letu kila asubuhi ni picha za maua, siku niliyosema tupange kuonana nikaulizwa "kwani wewe nani?" Nimekaa na huyo mtu dawati moja miaka miwili aisee.

Mleta uzi
Jamani tunaongelea zile bisi

Jibu #9
#8 dawati moja?? Huyo mtoe kwenye grupu leo leo.

Jibu #8
Ndo admin.