Tupeane uzoefu: fumbo la hesabu la mwalimu ambalo hutalisahau

Mwana Loleza (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Jana mwanangu wa darasa la sita karudi na chemshabongo ya mwalimu wake, nikajikuta nimerudi darasani Mbeya miaka ya tisini. Linasema hivi: mama anapeleka mayai sokoni Uyole. Akiyapanga mawili mawili linabaki moja. Matatu matatu, linabaki moja. Manne manne, matano matano, sita sita, bado linabaki moja. Akiyapanga saba saba halibaki hata moja. Ana mayai mangapi?
Nimekaa nalo mpaka chai imepoa. Nani mwingine aliwahi kukutana na mwalimu wa namna hii?

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene wote. Jibu ni 301. Sisi tulipewa la gesti: wageni watatu wanatoa elfu kumi kumi, jumla elfu thelathini. Mwenye gesti anakumbuka chumba ni elfu ishirini na tano, anamtuma kijana arudishe elfu tano. Kijana anaficha elfu mbili, anawapa elfu moja moja. Kwa hiyo kila mgeni katoa elfu tisa, jumla ishirini na saba, ongeza mbili za kijana, ishirini na tisa. Elfu moja iko wapi? Wiki nzima bweni halikulala.

Chaki Nyeupe
Haijapotea, ndugu yangu. Zile mbili za kijana zimo ndani ya ishirini na saba, huwezi kuziongeza tena. Ishirini na tano kwa mwenye gesti, mbili kwa kijana, tatu kwa wageni. Thelathini kamili. Nafundisha hesabu hapa Iringa, kila mwaka nawapa hilo na kila mwaka wanagombana.

Mama Trei
Mimi nauza mayai Mwanjelwa. 301 ni trei kumi na yai moja. Hakuna anayepanga saba saba, lakini jibu nimelikubali.

Kijana wa Tukuyu
Mwambie mtoto aulize kwenye simu, mkuu, dakika moja tu kamaliza. Sisi tuliteseka bure.

Mnyalu wa Kihesa
Usimpe simu! Mwache alale nalo. Fumbo ukipewa jibu halikai kichwani.

Binti wa Makete
Jamani mmenigusa pabaya. Nilikuwa darasa la sita, mwezi wa saba, na baridi ya Makete mnaijua, asubuhi majani yameganda meupe. Mwalimu alitupa fumbo hilihili Ijumaa, akataka majibu Jumatatu. Nilikuwa naishi na bibi, hajui kusoma. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akamwaga maharage kwenye mkeka karibu na moto, akachukua punje moja akaifumbata. "Hii ndiyo inayosumbua," akasema. "Ikae pembeni kwanza, hizo nyingine zitagawanyika."
Hapo nikapata mwanga. Nikazidisha 2 × 3 × 4 × 5 × 6, ikaja 720. Tukahesabu maharage 720, bibi akafungua kiganja akarudisha punje yake. 721. Tukaanza kuyapanga saba saba, yeye upande ule, mimi upande huu, mpaka kibatari kikaanza kufifia. Mafungu 103, hakikubaki kitu. Bibi akapiga vigelegele usiku ule, tukiwa wawili tu ndani ya nyumba.
Jumatatu nikasimama nikasema 721. Mwalimu akatazama kitabu chake, akasema ni 301. Nikaomba nioneshe ubaoni. Akasema mimi jeuri. Fimbo nne za viganjani, mikono imekufa ganzi kwa baridi, halafu nikasimamishwa mstarini mpaka saa nne. Fimbo zilipoa. Kisichopoa ni ule mkasi mwekundu aliouchora juu ya hesabu yangu na bibi bila kuisoma. Sikunyoosha tena mkono kwenye kipindi cha hesabu mpaka namaliza kidato cha nne.

Kijana wa Tukuyu
Pole sana dada. Kumbe kuna watu wamebeba mambo.

Mzee wa Reli
Pole, ila mwalimu alikuwa sahihi. Mafumbo ya namna hii hutafutwa namba ndogo kuliko zote. Na mama gani anabeba mayai 721 kichwani?

Mama Trei
Trei 24 na yai moja. Bodaboda za hapa zinabeba zaidi ya hayo.

Mnyalu wa Kihesa
Mzee, soma fumbo tena. Wapi pameandikwa "ndogo kuliko zote"? Kama hakusema, 721 ni jibu halali, hata 1141 ni halali. Unaongeza 420 tu kila mara.

Mzee wa Reli
Zamani mwalimu hakuulizwa maswali, na tulielimika.

Chaki Nyeupe
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Fumbo hili lina umri mkubwa. Ibn al-Haytham, mwanahesabu wa Basra, aliandika juu yake miaka elfu moja iliyopita, na moja ya njia zake ni hiyohiyo ya binti: zidisha zote mpaka sita, ongeza moja, unapata 721. Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, naye akaliweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1202, jibu lake 301. Namba 60 ndiyo ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa mbili hadi sita, kwa hiyo unajaribu 61, 121, 181, 241, na 301 ndiyo ya kwanza kukubali saba. Njia zote mbili ni nzuri.
Dada, bibi alisema nini uliporudi?

Binti wa Makete
Aliniuliza kabla sijatua daftari. Nikaficha viganja, nikamwambia tumepata. Akaenda kuwatangazia majirani wote. Amefariki akiamini hivyo, na mpaka leo inaniuma kwamba nilimdanganya.

Chaki Nyeupe
721 kugawa kwa 7 ni 103. Hukumdanganya, dada. Mlipata.

Mwana Loleza
Simu nimeficha, mtoto nimempa maharage. Yupo mkekani, kafika fungu la 31.