Kutoa makala ya jarida katika tasnifu ya uzamili: nikate nini?

Nyakato
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nilihitimu uzamili wa sosholojia kwa tasnifu inayohusu wanawake wauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na namna wanavyopata mtaji kupitia vikundi vya kuweka na kukopa. Data zangu ni mahojiano ya kina na wanawake 24 pamoja na majadiliano ya vikundi. Jarida ninalolilenga linapokea maneno yasiyozidi 8,000, marejeleo yakiwemo, nami hata baada ya kupunguza sana bado niko kwenye 14,000. Kila ninachotaka kukiondoa naona kina umuhimu wake. Naomba pia kujua kama ni lazima jina la msimamizi wangu liwekwe, na kama kuna ubaya kukubali mwaliko nilioupata kwa barua pepe wa jarida linaloahidi kuchapisha makala ndani ya wiki moja kwa dola 150.

KalamuNyekundu
Dada Nyakato, hongera kwa kuhitimu. Nionavyo mimi, unahangaika kwa sababu bado unaipunguza tasnifu, ilhali makala haina budi kuandikwa upya. Tasnifu huandikwa ili watahini waridhike kwamba umesoma na unajua kutafiti, ndiyo maana sura ya pili hupanga machapisho moja baada ya jingine na sura ya tatu hueleza hadi maana ya sampuli. Wasomaji wa jarida wanayajua hayo. Wanachotaka ni hoja moja, na waione mapema, ikiwezekana katika ikisiri yenyewe, yaani muhtasari wa mwanzo.

Kwamba vikundi huwasaidia wanawake si hoja tena. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na tangu hapo umeandikwa mno, VICOBA vyetu, yaani benki za jamii za vijijini, vikiwemo. Lakini jiulize soko lako lina nini ambacho soko la nguo halina. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi mingi hulala ufukweni na mzigo huadimika sokoni, ilhali kikundi hukutana kila wiki na marejesho hudaiwa vilevile. Ikiwa wahojiwa wako waligusia namna wanavyovuka siku hizo, wanamkopa nani na kwa masharti gani, basi hoja yako ni mgongano kati ya kalenda ya mkopo na kalenda ya ziwa. Ukishaiandika kwa sentensi moja, utaona mwenyewe kipi kinaitumikia na kipi ni abiria. Orodha ya mapendekezo kwa serikali, kwa mfano, itashuka bila kusukumwa.

Sehemu ya mbinu usiifupishe kupita kiasi. Mhakiki, yaani msomi anayeipima makala kwa niaba ya jarida, atataka kujua uliwapataje hao 24, uliwahoji kwa Kiswahili au Kisukuma, nani alinukuu mahojiano kutoka kwenye rekodi, na ulijuaje kwamba umefika mahali ambapo hakuna jipya linaloongezeka. Aya mbili nzito zinatosha.

Nyakato
Nashukuru sana. Suala la mbalamwezi walilisema wengi, nami nililiweka kwenye tasnifu kama maelezo ya pembeni tu. Nina jambo jingine: mhojiwa ninayemnukuu zaidi nimempa jina la kubuni, kisha nikaeleza kwamba ni mjane, mwekahazina wa kikundi, na anamiliki mitumbwi miwili. Je, inatosha kumficha?

BintTanga
Haitoshi, dada. Jina umelibadilisha, lakini pale Mwaloni nadhani hakuna asiyemjua mjane mwekahazina mwenye mitumbwi miwili, na anayosema kuhusu wadaiwa sugu yanaweza kumletea uhasama na wenzake. Ondoa sifa moja au mbili zisizobeba hoja. Sema tu kwamba ni kiongozi wa kikundi anayemiliki vyombo vya uvuvi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wahariri wengi siku hizi huuliza ulipataje ridhaa ya wahojiwa na kibali cha utafiti kilitolewa na nani.

Nawe mwenyewe jifiche, kama jarida hilo linafuata utaratibu ambao mhakiki na mwandishi hawajuani. Toa shukrani, toa jina la chuo, na usiandike "kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu". Kagua pia sifa za faili, kwa kuwa programu ya Word huhifadhi jina la mwenye kompyuta hata ukifuta ukurasa wa kwanza.

Kuhusu msimamizi, mimi ningemweka. Bila yeye utafiti usingefika ulipofika.

MsomiWaPwani
Hapo kwa msimamizi natofautiana nawe, Bi. Tanga, kwa heshima zote. Kusimamia ni kazi anayolipwa na chuo, na mahali pake ni kwenye shukrani. Akishiriki kuijenga hoja hiyo mpya, akaandika au kuisahihisha rasimu kwa kina, na akakubali kuwajibika kwa kilichoandikwa, hapo ni mwandishi mwenza halali. Nyakato, zungumza naye kabla hujatuma, na mkubaliane pia nani anatangulia. Data ni zako na kalamu ni yako, kwa hiyo mimi naona utangulie wewe.

Huo mwaliko wa wiki moja uache. Uhakiki wa kweli huchukua miezi, na mhariri anayeahidi kukubali makala asiyoisoma anauza ukurasa. Angalia kama jarida limo katika DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni) au AJOL (hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya Afrika), kisha soma makala zake mbili tatu uone kama kuna mtu aliyezihariri. Ada nayo isikutishe, kwa sababu wachapishaji kadhaa wakubwa huwasamehe waandishi wa nchi zilizo katika kundi la kwanza la Research4Life, mpango unaozipa nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma, na Tanzania imo. Ila omba msamaha huo wakati wa kutuma, maana baada ya makala kukubaliwa baadhi yao hawasikilizi. Na uitume kwa jarida moja tu, usubiri jibu lake ndipo uende kwingine.