Siku moja Roma mwezi wa saba, mimi na mke wangu: tuchague nini?

Kijana_wa_Mida:
Salaam wakuu. Mwezi wa saba tunakwenda Italia, mimi na mke wangu, kumtazama dada yake aliyeolewa Bologna. Watu wa Malindi mtanielewa, huku kwetu Italia ni kama kwa jirani. Kabla ya kupanda treni tuna siku moja Roma, Jumatano, na tunalala karibu na stesheni ya Termini. Najua siku moja haitoshi, msinianze na hilo.

Mipango iliyobaki ni mitatu:

A. Asubuhi Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa maonyesho, na magofu ya Foro Romano, mchana Vatican.
B. Vatican tu, kutwa: makumbusho, kanisa la Mtakatifu Petro, na kupanda kuba.
C. Basi la ghorofa lililo wazi juu. Tunazunguka tumekaa, tukipenda pahali tunashuka.

Mke wangu anavaa buibui na hapendi kukimbizwa. Joto halinitishi, nimezaliwa ndani yake. Mwasemaje?

Mpishi_Trastevere:
"Joto halinitishi." Haya, tutaonana.

Ndugu yangu, mwezi wa saba huko kwetu ni kusi, watu wanajifunika shuka. Huku ndio kilele cha joto. Siku ya kawaida ni 31 au 32, likija wimbi la joto ni 35 na kupanda, na hakuna bahari mbele ya uso wako. Barabara za mji wa kale zimetandikwa vijiwe vyeusi, sampietrini, vinakunywa jua kutwa na kulitapika usiku. Nimepika huku miaka tisa, na mpaka leo saa nane mchana sitoki bila sababu.

Mpango A utawamaliza. Foro Romano ni bonde la mawe, kivuli cha kuhesabu, na ukitoka hapo saa saba ndio kwanza uende kupanga foleni Vatican? Mkeo atarudi Malindi peke yake.

Bi_Kidawa:
Mimi na mzee wangu tulifanya B, mwezi wa nane. Nakupa mazuri kwanza. Lile buibui ni faida. Kanisani hawaingizi mtu mabega wazi wala magoti nje, na siku ile mlangoni walirudishwa wengi. Nilikuwa na leso ya ziada mkobani, nikamwazima binti mmoja wa Kibrazili, akaingia nayo na kunirejeshea imekunjwa vizuri. Kuingia kanisani ni bure, lakini foleni ya ukaguzi iko uwanjani, juani.

Makumbusho watu ni kama sokoni mkesha wa Idi. Unasukumwa na umati ukumbi hadi ukumbi. Hewa safi niliipata Kikanisa cha Sistina, maana walifunga mitambo mipya ya hewa mwaka 2014 ili pumzi na jasho letu visiharibu ile picha ya dari aliyoichora Michelangelo kati ya 1508 na 1512. Nilitamani nilale pale chini. Huruhusiwi hata kuongea, walinzi kila dakika wanakunyamazisha.

Sasa kuba. Ngazi 551. Ukilipia lifti zinabaki 320, na hizo ndizo mbaya. Mnapanda katikati ya maganda mawili ya kuba, ukuta umeinama nanyi mmeinama nao, na kurudi nyuma huwezi kwa sababu kuna mtu kisogoni. Mzee wangu jasho lilijaa kwenye miwani ikawa anapanda kwa kupapasa. Juu ni pazuri, sikatai. Ila hakunisemesha mpaka usiku.

Dereva_Mbagala:
Wakuu mnamtisha bure. Mimi natetea C. Mtu ana siku moja, mama hapendi kukimbizwa, mwacheni akae kwenye basi aone mji. Juu kuna upepo.

Mpishi_Trastevere:
Mkuu, upepo upo basi likitembea. Kwenye foleni saa sita, jua la utosini, kiti kimeshika moto, ile ghorofa ya juu ni kikaango. Halafu vichochoro vya karibu na Pantheon, lile hekalu la kale lenye kuba, na chemchemi ya Fontana di Trevi, basi halipiti. Utalipa kisha utembee vilevile.

Dereva_Mbagala:
Basi wakae chini.

Mpishi_Trastevere:
Wakikaa chini, basi la mji linawatosha, tiketi ni euro 1.50 kwa dakika 100.

Kijana, sikia. Badala ya kuchagua jengo, chagua saa. Mimi wageni wangu nawapeleka hivi:

Colosseum saa mbili na nusu asubuhi, mlango ukifunguliwa. Tiketi ya euro 18 inaingia pia Foro na kilima cha Palatino, na inadumu saa 24. Nunua kabla hujaja, inaandikwa jina, kwa hiyo pasipoti mkononi. Foro piteni haraka, kisha pandeni Palatino, kuna misonobari, kaeni. Saa tano muwe mmetoka.

Kutoka hapo ni dakika tano kwa miguu hadi kanisa la San Clemente. Hili watu hulipita kwa sababu nje halina makuu. Ulipoingilia ni kanisa la karne ya 12. Mwaka 1857 padri mmoja Mwairishi alianza kuchimba, akakuta chini yake kanisa la karne ya 4. Chini ya hilo tena kuna nyumba za Warumi wa karne ya 1, na chumba walimoabudu mungu wao Mithra. Kila ngazi unayoshuka, ubaridi unaongezeka. Kule chini kabisa simama unyamaze, utasikia maji yanapita ndani ya ukuta. Angalia saa zao lakini, makanisa mengi huku hufungwa mchana, usije ukafika saa saba ukakuta kufuli.

Halafu kuleni, rudini Termini mkalale. Ndio, kulala. Umetoka pwani, nani atakufundisha kulala baada ya chakula? Jioni ndipo Pantheon na matembezi.

Mzalendo_Tanga:
Naunga mkono, na naongeza kitu kuhusu Colosseum. Warumi wenyewe jua lile liliwashinda. Walipolizindua mwaka 80 lilikuwa na turubai kubwa la kuwafunika watazamaji, na waliolivuta kwa kamba ni mabaharia wa jeshi la majini, kwa kuwa kazi ya matanga ilikuwa yao. Ukiwa ndani tazama ukingo wa juu kabisa, mawe yaliyoshikilia nguzo za lile turubai bado yanaonekana. Turubai lenyewe ndio hakuna, kwa hiyo upande wa kivuli asubuhi ni haki yako, usiuachie.

Kwa ubaridi, mimi ningechagua makaburi ya chini ya ardhi, barabara ya Appia. Huko ni baridi ya kuvalia sweta.

Mpishi_Trastevere:
Ni kweli, ila yale ya San Callisto Jumatano hayafunguliwi, na kwenda huko basi namba 118 unaweza kulingoja mpaka uote mizizi kituoni. Wakiwa na siku mbili, sawa.

Kijana_wa_Mida:
Mmenishinda, C nimeifuta. Maswali mawili. Maji tununue mangapi? Na jua linazama saa ngapi, tujue magharibi?

Mpishi_Trastevere:
Jua linazama karibu saa tatu kasorobo usiku. Umesoma vizuri, usiku. Mwambie mkeo mapema asije akadhani saa imeharibika.

Maji usinunue, beba chupa tupu. Mji una mabomba ya chuma ya barabarani yapatayo 2,500, wanayaita nasoni, "pua kubwa", maana mdomo wake umepinda kama pua. Yanatiririka usiku na mchana, maji ni ya kunywa na ni baridi. Juu ya ile pua kuna kitundu. Ziba mdomo kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu, unakunywa umesimama. Ila simama upande wake.

Bi_Kidawa:
Na msikae kwenye zile ngazi za Piazza di Spagna hata miguu iwaume vipi. Tangu 2019 ni faini, inaanzia euro 250. Mwambie mkeo aache makubadhi nyumbani, vile vijiwe vinateleza.

Kijana_wa_Mida (baada ya wiki tatu):
Wakuu, tumerudi. Joto limenitisha.

Tulifuata mpango wa Mpishi, nusu. Colosseum tuliingia kwa wakati, kivuli tulikipata, na mke wangu ndiye aliyeyaona mawe ya turubai kabla yangu. Kosa langu lilikuwa Foro. Niling'ang'ania nione kila nguzo, mpaka saa sita hatujatoka, na nje nikanunua chupa mbili za maji kwa mchuuzi euro nne kila moja. Hatua ishirini mbele, nasone. Mke wangu hakusema kitu, alinitazama tu.

San Clemente tukakuta imefungwa. Tukakaa kwenye kivuli tunakula mkate wa jibini, tukangoja. Nashukuru tulingoja. Kule chini mke wangu aliweka kiganja ukutani akafumba macho, nikadhani amezidiwa, kumbe anasikiliza maji. Tulikaa hapo zaidi kuliko tulivyokaa Colosseum.

Tulilala mpaka saa kumi na moja. Pantheon tukafika saa kumi na mbili jioni, euro tano kila mtu. Lile tundu la katikati ya kuba, upana kama mita tisa, jua lilikuwa linaingilia hapo na kupiga juu kabisa ukutani, duara la mwanga limeganda. Halina kioo. Mlinzi akatuonyesha vitobo sakafuni vya kutolea maji mvua ikinyesha. Baadaye ukaja upepo kutoka upande wa bahari, Mpishi ananiambia jina lake ponentino. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi niko mji wa watu.

Nasone tulijaribu. Mke wangu alikunja mkono wa buibui, akaziba kwa kidole. Mimi nilikuwa nimesimama mbele.

Dereva_Mbagala:
Na basi langu je?

Kijana_wa_Mida:
Lilitupita saa sita. Ghorofa ya juu hakuna mtu, wote wamejazana chini.