Kibali cha kutiririsha majitaka mtoni kimepita muda wake na bado kinatumika: nani anauwajibisha wakala wa mazingira wa jimbo?

Mwanamto

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Marekani, katika jimbo mojawapo la katikati ya nchi, na karibu na mtaa wetu unapita mto unaopokea majitaka yaliyosafishwa kutoka kiwanda cha kuchinja na kusindika nyama. Hivi karibuni wakala wa mazingira wa jimbo umetangaza rasimu ya kibali kipya cha kiwanda hicho na kuwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni. Nilipoisoma rasimu hiyo niligundua kwamba kibali cha sasa kilikwisha muda wake miaka kadhaa iliyopita, lakini kiwanda hakijasimama hata siku moja.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie katika mambo matatu. Kwanza, inawezekanaje kibali kilichokwisha kikaendelea kutumika kihalali? Pili, maoni ya wananchi yana uzito wowote, au ni utaratibu wa kutimiza sheria tu kabla ya kutia saini jambo lililokwisha kuamuliwa? Tatu, ikiwa wakala ndio unaotoa kibali, unaokagua na unaotoza faini, wakala wenyewe unakaguliwa na nani?

Mhakiki

Ndugu Mwanamto, niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya vibali ya jimbo jingine, kwa hiyo nitaeleza utaratibu unavyoonekana kutoka ndani, na sitautetea kila mahali.

Msingi wa mambo yote haya ni Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972, ambayo Bunge la Marekani liliipitisha licha ya kura ya turufu ya Rais Richard Nixon. Sheria hiyo haimpi mtu haki ya kumwaga uchafu mtoni. Inaanza na katazo: ni marufuku kuingiza kichafuzi chochote katika maji yanayolindwa na sheria kutoka kwenye bomba, mfereji au chanzo kingine kinachotambulika, isipokuwa kwa kibali na kwa kutii masharti yake. Kibali hudumu kwa muda usiozidi miaka 5. Shirika la Kulinda Mazingira la serikali kuu, yaani EPA, limeyakasimia karibu majimbo yote kazi ya kuvitoa. Idaho, kwa mfano, ilipokea jukumu hilo mwaka 2018 tu, na Massachusetts na New Hampshire bado zinahudumiwa na EPA yenyewe.

Kuhusu swali la kwanza, mwenye kibali hutakiwa kuwasilisha maombi ya kukihuisha angalau siku 180 kabla ya muda kwisha. Akifanya hivyo kwa wakati, na maombi yake yakawa kamili, kibali cha zamani huendelea kuwa na nguvu hadi kipya kitakapotolewa, hata kama wakala utachelewa kwa miaka. Hoja ya sheria ni kwamba mwombaji asiadhibiwe kwa ucheleweshaji wa ofisi, na hoja hiyo ina haki ndani yake. Ubaya wake ni kwamba kinachoendelea ni masharti ya zamani. Ikiwa katika kipindi hicho jimbo limepitisha kiwango kikali zaidi cha amonia, au mto umeorodheshwa kuwa umeharibika kwa fosforasi, kiwanda hakiguswi na mabadiliko hayo mpaka kibali kipya kianze kutumika, na hivyo kuchelewa kwa ofisi kunageuka kuwa faida kwa mchafuzi. Pale nilipokuwa, utendaji wetu ulipimwa kwa idadi ya vibali vilivyotoka, na haikuhitaji busara nyingi kutabiri kwamba majalada mepesi yangesonga mbele huku yale ya viwanda vikubwa yakibaki kabatini.

Kuhusu maoni, nitasema jambo ambalo huwaudhi wengi: wingi wake hauamui chochote. Mwaka 2018 jimbo la Michigan liliiruhusu kampuni ya Nestlé kuongeza maji inayovuta kutoka kisima kimoja cha Kaunti ya Osceola, kutoka galoni 250 hadi 400 kwa dakika. Wakala ulikuwa umepokea maoni zaidi ya 80,000 ya kupinga na 75 tu ya kuunga mkono. (Kile kilikuwa kibali cha kuvuta maji, si cha kutiririsha majitaka, na kinatawaliwa na sheria za jimbo, lakini somo ni lilelile.) Msimamo wa wakala ulikuwa kwamba sheria inautaka upime maombi kwa vigezo vilivyoandikwa, na kura ya maoni si kimojawapo.

Maoni yanayomfanya mhandisi arudi kwenye hesabu zake ni yale yanayogusa hesabu hizo. Omba karatasi ya maelezo inayoambatana na rasimu. Humo utaona viwango vya ukomo vimekokotolewaje, na jambo la kutazama kabla ya mengine ni mtiririko wa mto uliotumika. Kwa sumu zinazodhuru viumbe polepole, majimbo mengi hutumia mtiririko mdogo kabisa wa wastani wa siku 7 unaotarajiwa kutokea mara moja katika miaka 10, kwa sababu wakati wa ukame ndipo mto unapokuwa na maji machache zaidi ya kuyapunguza makali majitaka. Takwimu hizo ni za miaka ipi? Zinajumuisha ukame wa karibuni? Je, kuna mmwagaji mwingine juu ya mto ambaye mzigo wake haukuhesabiwa? Swali la namna hiyo, likiambatana na ukurasa na namba, haliwezi kujibiwa kwa sentensi ya shukrani, kwa kuwa wakala unalazimika kujibu kwa maandishi kila hoja yenye uzito. Tena, katika majimbo mengi hoja ambayo haikutolewa ndani ya kipindi cha maoni haiwezi kuibuliwa baadaye katika rufaa, kwa hiyo iandike hata kama una hakika kwamba watakukatalia.

Bonde la Juu

Nakubaliana na sehemu kubwa ya aliyoyaandika Ndugu Mhakiki, ila hakuligusa swali la tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko mengine. Ushauri wake unachukulia kwamba jalada linaloonyeshwa kwa umma ndilo jalada lote.

Yaliyotokea Minnesota yanatufundisha vinginevyo. Kampuni ya PolyMet iliomba vibali vya mgodi wa shaba na nikeli kaskazini mashariki mwa jimbo hilo. Rasimu ya kibali cha maji ilipotolewa mwanzoni mwa mwaka 2018, wataalamu wa EPA waliandika maoni wakieleza wasiwasi kwamba rasimu ilikosa viwango vya namba vya kulinda ubora wa maji. Kwa kawaida barua kama hiyo ingetumwa na kuingia katika kumbukumbu zinazosomwa na kila mtu. Wakala wa jimbo uliiomba EPA isiitume katika kipindi cha maoni ya umma, na badala yake, mwezi Aprili, maafisa wa EPA wakawasomea wenzao wa jimbo maoni hayo kwa simu. Kibali kikatolewa Desemba 2018, na katika kumbukumbu rasmi hapakuwa na alama ya maoni hayo ya maandishi.

Habari ilifichuka mwaka uliofuata. Kesi ikapita mahakama kadhaa, huku kabila la Fond du Lac na mashirika ya mazingira wakiwa miongoni mwa walalamikaji, hadi Agosti 2023, Mahakama Kuu ya jimbo ilipourudishia wakala kibali hicho ukifikirie upya, kwa kuona kwamba palikuwa na dalili za hatari kuwa jambo halikupimwa kwa ukweli na umakini unaotakiwa.

Ninaileta habari hii kwa sababu EPA ndiyo jibu la swali lako, angalau kwenye karatasi: rasimu hupelekwa kwake, nayo ina hadi siku 90 za kuweka pingamizi. Msimamizi anapokubali kunyamaza, usimamizi unabaki jina tu. Kwa hiyo pamoja na kutoa maoni, tumia sheria ya jimbo lako ya upatikanaji wa nyaraka za umma kuomba mawasiliano yote kuhusu kibali hicho kati ya wakala, kiwanda na EPA, zikiwemo barua pepe na maandishi ya vikao vya simu. Ombi hilo liende leo, usisubiri kipindi cha maoni kiishe.

Mwanamto

Nawashukuru sana. Ombi la nyaraka nitaliandika. Bado nina jambo moja: nitajuaje kama kiwanda kimekuwa kikivuka viwango hata vya hicho kibali cha zamani? Afisa mmoja aliniambia kwamba taarifa za kiwanda ni siri ya biashara.

Mpima Maji

Hapo afisa huyo amekosea, au ameongea bila kusoma sheria. Takwimu za kinachotoka bombani haziwezi kufanywa siri ya biashara. Sheria ya Maji Safi inasema hivyo waziwazi. Siri inaweza kuwa namna ya uzalishaji ndani ya kiwanda.

Mfumo mzima umejengwa juu ya mmwagaji kujipima mwenyewe na kujitangaza. Kiwanda huchukua sampuli, hujaza taarifa ya upimaji, mara nyingi ya kila mwezi, na afisa wake mwenye dhamana hutia saini akijua kwamba kudanganya ni kosa la jinai. Taarifa hizo huingia katika hifadhidata ya EPA iitwayo ECHO, iliyo wazi kwenye intaneti bila malipo. Tafuta jina la kiwanda au namba ya kibali, kisha tazama robo mwaka 12 zilizopita. Usiishie kwenye alama nyekundu za ukiukaji. Fungua takwimu zenyewe, kwa sababu mwezi ambao taarifa haikuletwa kabisa unaweza kueleza mengi kuliko mwezi uliovuka kiwango kidogo.

Ukikuta ukiukaji unaoendelea, sheria inamruhusu mwananchi aliyeathirika kumshtaki mmwagaji baada ya kutoa notisi ya siku 60 kwake, kwa jimbo na kwa EPA. Neno "unaoendelea" lina uzito: tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Gwaltney mwaka 1987, ukiukaji uliokwisha kabisa hautoshi. Pia ikiwa jimbo limekwisha kufungua kesi na linaiendesha kwa bidii, mlango wa mwananchi hufungwa. Kanuni hiyo imewahi kutumiwa kwa ujanja. Huko Carolina Kusini kampuni ya Laidlaw, iliyokuwa imevuka ukomo wake wa zebaki mara mamia, ilipopata notisi ya wananchi iliuomba wakala wa jimbo uishtaki. Wakili wa kampuni ndiye aliyeandika hati ya madai dhidi ya mteja wake, akalipia na ada ya kuisajili, na wakala ukakubali suluhu ya dola 100,000 siku moja kabla ya zile 60 kutimia. Mahakama ilikataa kuita jambo hilo bidii, na mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha kwamba wananchi wale walikuwa na haki ya kushtaki.

Ila usitarajie kibali kujibu kila kitu kinachouchafua mto huo. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka mashambani hayahitaji kibali cha namna hii, na katika majimbo ya kilimo huo ni mzigo mkubwa wa nitrojeni ambao wakala hauna bomba la kuufuatilia.

Mhakiki

Ninakubali alichosema Bonde la Juu kuhusu Minnesota. Ningekitaja mwenyewe kama nisingekuwa nimetumia nafasi yangu yote kwenye hesabu.

Ninaongeza jambo moja ambalo ni jipya. Vibali vingi vya zamani vina sentensi ya jumla inayosema kwamba majitaka "yasisababishe wala kuchangia" kuvunjwa kwa viwango vya ubora wa maji ya mto. Machi 2025, katika kesi ya jiji la San Francisco dhidi ya EPA, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba EPA haiwezi kumbebesha mmwagaji jukumu la matokeo ya mwisho kwa sentensi kama hiyo. Inapaswa kumwambia afanye nini hasa. Baadhi ya majimbo yana sheria zao zinazoweza kusimama zenyewe, lakini mawakili wa viwanda tayari wanaitumia hukumu hiyo. Kwa hiyo pitia rasimu yako mstari kwa mstari: kila mahali ambapo amonia, nitrojeni au bakteria vimedhibitiwa kwa sentensi hiyo tu, andika katika maoni yako kwamba unataka kiwango cha namba, idadi ya sampuli kwa mwezi na mahali zitakapochukuliwa.